Amplifaya ya Zamani ni Starehe, Usiiite Akiba

Kaka mmoja wa ujenzi hapa Muscat amenitumia picha ya amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1970 na spika zake mbili. Mwenyewe anataka riyali 80. "Dada, hii ni akiba," ananiambia, "vitu hivi vinapanda bei."

Nilimjibu hivi, na nawajibu wote: kitu ni kizuri, lakini akiba siyo.

Ubora wake sibishi. Vilitengenezwa kwa chuma na transfoma nzito, na fundi anaweza kuvifungua akavitengeneza. Mashine ya santuri ya Technics SL-1200 ilianza kuuzwa 1972, na mpaka leo inatafutwa. Ila uzee una gharama. Kapasita hukauka, sponji inayozunguka koni ya spika huoza, na joto la huku ndiyo linazidisha. Kulia leo si ahadi ya kulia mwakani.

Tupige hesabu. Riyali 80 za kununua. Tuseme 25 za fundi. Amplifaya kubwa za aina hiyo hufika kilo 20, bado spika. Weka 40 za mzigo mpaka nyumbani, kabla ya ushuru. Tayari 145. Sasa mama amelazwa: nani pale Tanga au Kisumu atakupa 145 siku hiyo hiyo? Utapewa nusu, tena kwa kubembeleza. Akiba ni ile inayotoka siku ya shida.

Na ninyi dada zangu wa kazi za ndani, bosi akikupa ya bure, kumbuka kuisafirisha si bure.

Angalieni pia umeme. Nyuma ya kifaa pameandikwa volti. Marekani ni 120, Japani 100, nyumbani 230 au 240. Kama hakina swichi ya kubadilisha na huna transfoma ya kushusha umeme, ukikichomeka tu kimeungua.

Je, namkataza? Hapana. Mtu anayebeba zege juani wiki nzima ana haki ya muziki wake Ijumaa, na mimi nimechoka na ushauri kwamba kila senti yetu ni ya nyumbani. Ila kwanza uwe na matumizi ya miezi mitatu benki na usiwe na deni la mtu. Halafu kisikilize mwenyewe saa nzima: pande zote mbili zilie, na kitufe cha sauti kisikwaruze ukikizungusha. Bei ya fundi uijue kabla ya kulipa. Ukishanunua, kwenye daftari kiandike chini ya starehe.

Kaka alihesabu, akakuta ana mwezi mmoja na nusu tu. Amemwambia mwenye amplifaya asimwekee. Imemuuma, najua. Nyingine zitatokea.