Boti ikizimika katikati ya Ziwa Kivu, nani anavuta na nani analipa?

Vita vilipokata barabara ya Goma–Sake–Minova mwaka wa 2024, njia iliyobaki kwa watu na chakula ilikuwa ziwa. Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka huo, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama toka ukingoni. Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba ndani mlikuwa watu 278, na 78 kati yao walikufa.

Tangu siku ile mazungumzo yamekuwa juu ya kujaza kupita kiasi na juu ya jile. Ni haki. Lakini jile si neno jipya: mwezi wa ine 2019, baada ya boti nyingine kuzama upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi aliagiza kila msafiri avae. Kinachosahaulika ni mambo mawili mengine: kuvutwa na asiransi.

Moteri ikizimika usiku kati ya Idjwi na Minova, mwenye boti anatafuta kwanza mtandao wa simu, kisha anampigia mwenzake. Wakati huo ndipo bei inazungumzwa, abiria wakiwa wanatetemeka na upepo unasukuma chombo. Sheria za bahari za dunia ziliishakata neno hili: kuokoa mtu hakulipwi na yule aliyeokolewa, ila kuokoa chombo na mizigo kunadaiwa malipo. Wenye boti wa mwambao mmoja wanaweza kupatana mapema, kwenye karatasi: mafuta kiasi gani, nani anatoka usiku, deni linalipwa lini. Anayebishania bei na watu wako majini anachezea roho zao.

Na kuvuta kwenyewe kunaua kama hakujulikani. Kamba ikifungwa kwenye ubao uliopigiwa misumari tu, ubao unang'oka. Inafungwa mbele, chini, kwenye mti mkubwa wa chombo. Mwendo ni wa polepole, na hakuna mtu kusimama kwenye mstari wa kamba, maana ikikatika inarudi kama fimbo. Abiria wanakaa chini, katikati. Hata wakifika wasikimbilie wote upande wa gati: Merdi iliinama upande ilipokuwa inajaribu kufika.

Upande wa asiransi, kwa miaka mingi SONAS ndiyo ilikuwa pekee Kongo nzima. Sheria ya tarehe 17 mwezi wa tatu 2015 ilifungua soko, na leo ARCA ndiyo inasimamia makampuni. Lakini boti ya mbao iliyotengenezwa ukingoni, bila karatasi ya ukaguzi, ni vigumu kupata kampuni ya kuipokea. Na hata mwenye karatasi anaweza kujipoteza mwenyewe.

Tatizo ni orodha ya abiria. Ikiwa imeandikwa watu 80 na ndani wamo 200, kampuni itakuwa na sababu ya kukataa kulipa, na familia za wale 120 hazina hata mstari mmoja wa kuonyesha kwamba ndugu yao alipanda. Mama mchuuzi anayepanda na mihogo yake, jina lake halikuandikwa, kwa asiransi ni kama hakusafiri. Kwa hiyo kuandika majina si kazi ya kodi ya bandari tu, ingawa wengi wanaichukua hivyo, na ndiyo sababu wanaificha.

Mwenye boti anayetaka kusaini akamuulize ajenti mambo haya: je, inalipia abiria, au chombo peke yake? Mizigo je? Gharama za kuvutwa zimo? Usiku unahesabiwa? Jibu la mdomo halitoshi, liandikwe kwenye mkataba. Naye msafiri ana haki ya kuona jina lake likiandikwa kabla kamba haijafunguliwa, na kushuka kama linakataliwa, hata kama nauli imeishalipwa.