Kabla ya Kuviuza Vitabu vya Marehemu

Anapofariki mzee mwenye elimu, nyumba, shamba na fedha zake hugawanywa kwa Faraidhi, lakini vitabu vyake mara nyingi husahauliwa sandukuni vikaliwa na mchwa, au huuzwa kwa kilo vikafungiwa karanga. Kwetu sisi, hiyo ni hasara ya mali na ya elimu kwa pamoja.

Tutazame vitabu vya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, akawa Kadhi Mkuu wa Zanzibar kisha wa Kenya, na kufariki Oman mwaka 1982. Tafsiri yake ya Qur'ani, iliyotolewa na Islamic Foundation, Nairobi, mwaka 1969, imechapishwa tena mara nyingi na inajulikana na wengi. Lakini ni wachache waliokishika mkononi kitabu chake cha Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, kilichotoka Mombasa mwaka 1972. Humo mna habari za masheikh, walimu wao na wanafunzi wao, na watafiti walikithamini hata kikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1989. Nakala ya zamani ya kitabu kama hicho hutafutwa na wapenzi wa mwandishi, na aliye tayari kuilipia vizuri hupatikana.

Basi familia ifanye nini? Kwanza, kifunuliwe kila kitabu kurasa za mwanzo. Kikiwa na maandishi kuwa ni wakfu wa msikiti au madrasa, hicho si cha kuuzwa. Kirudishwe kwa wenyewe. Pili, vilivyobaki viorodheshwe pamoja na mirathi, kwani mjane na mayatima wana haki katika thamani yake. Kijana mmoja asijichukulie kwa hoja kwamba yeye ndiye msomaji.

Tatu, utazamwe mwaka wa chapa, kwa sababu chapa ya kwanza haiuzwi bei moja na za baadaye. Kurasa zilizochanika zisibandikwe kwa gundi, na maandishi ya marehemu pembezoni yasifutwe. Hayo yanakiliwe kwanza, yabaki kwa wajukuu hata kitabu kikienda.

Muuzaji aseme wazi ukurasa uliopungua. Na mnunuzi anayeijua thamani asimlaghai mjane asiyeijua. Kumwambia kwamba ni makaratasi tu, kisha akauze kwa mara kumi, ni dhulma hata kama mjane ameridhika.

Kuuza si aibu, maana kitabu kilichofika kwa mwenye kukisoma ni bora kuliko kilichofungiwa sandukuni. Wazee wetu walijinyima wakavinunua vitabu hivi. Wiki hii, kabla mvua haijavifikia, tulifungue sanduku hilo pamoja na watoto wetu, tuwasomee jina la mwandishi na jina la babu yao aliyekiandika kitabu kuwa ni chake.