Ya Magari: Saa ya Mvuto Haisomwi Eldoret kama Mombasa

Katika mashamba ya nyanda za juu za Kenya zingali zikionekana Land Rover za Series II na IIA, zilizotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1958 na 1971. Injini yake ya petroli yenye silinda nne ni ngumu, nayo huvumilia mengi. Lakini hata injini ngumu yaweza kuuawa na mtu mwenye nia njema.

Ichukuliwe mfano wa mkulima anayeishi karibu na Eldoret. Kila asubuhi gari lake hupeleka maziwa, na siku hizi linachoka kilimani. Amenunua saa ya kupima mvuto wa hewa, akaiunga kwenye menifoldi, na injini ikisha kupata moto aitazama. Kitabu chake, kilichoandikwa Uingereza, chasema kwamba injini nzima ikinguruma taratibu huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki. Yeye aona 12. Kwa kuwa kitabu chasema pia kwamba mshale ulio chini na kutulia ni dalili ya cheche inayochelewa, alegeza distributa na kuizungusha. Mshale wapanda, naye afurahi. Baada ya siku chache injini yaanza kulia kilimani kama kokoto ndani ya debe, na mwisho wake pistoni yatoboka. Maziwa yabaki nyumbani.

Kosa li wapi?

Saa ya mvuto haipimi nguvu ya injini. Hupima tofauti kati ya hewa iliyo nje na hewa iliyo ndani ya menifoldi. Mombasa, penye usawa wa bahari, uzito wa hewa ya nje ni karibu na inchi 30 za zebaki. Eldoret, kwenye urefu wa futi 7,000 hivi, ni kama inchi 23 tu. Hewa ya nje ikipungua, tofauti nayo hupungua. Kanuni ya mafundi ni kuondoa inchi moja kwa kila futi 1,000 za kupanda. Basi gari linaloonyesha 19 Mombasa litaonyesha kama 13 au 14 Nairobi, na 12 Eldoret, bila kuguswa hata skurubu moja. Mshale wa mkulima yule ulikuwa mahali pake. Ugonjwa wa gari lake ulikuwa kwingine, naye hakuutafuta.

Kuna na hila ya pili. Cheche ikiwahishwa, injini isiyo na mzigo huenda kasi zaidi na mshale hupanda, hata ikiwa cheche imekwisha kupita kipimo chake. Kwa hiyo anayefuata mshale tu huwahisha cheche kupita kiasi. Ubaya wake hauonekani gari likiwa limesimama. Huonekana kilimani, likiwa na mzigo. Na kwa mwenye kuwasha gari kwa hendeli hatari ni kubwa zaidi, maana injini yenye cheche ya mapema hurudisha hendeli kwa nguvu, na imewahi kuvunja mikono ya watu.

Mshale unasema nini?

Mwenye gari akiisha kuondoa inchi za urefu wa nchi yake, autazame mwendo wa mshale kuliko namba. Mshale uliotulia, lakini umepungua inchi mbili au tatu, huenda waonyesha cheche inayochelewa. Ukipungua sana na kutulia hapo, hewa yaingia kwa wizi: gasketi ya menifoldi au ya kabureta imepasuka, au mpira umeoza. Ukishuka ghafula na kurudi, tena kwa kipindi kile kile, valvu moja haifungi sawasawa. Ukiyumba polepole huku na huku, mchanganyiko wa petroli na hewa katika kabureta si sawa. Na kama injini ikishikwa katika mwendo wa kasi mshale wazidi kushuka kidogo kidogo, yafaa bomba la moshi litazamwe, kwani huenda limeziba.

Kuna kifaa kingine kinachosahauliwa mara nyingi, nacho ni kile kikopo kidogo kilicho ubavuni mwa distributa. Ndani yake mna utando wa mpira, na mvuto wa kabureta huuvuta ili kuwahisha cheche wakati gari linapokwenda bila mzigo mkubwa. Kukijaribu ni rahisi. Kifuniko cha distributa kiondolewe, bomba jembamba lichomolewe upande wa kabureta, livutwe kwa mdomo, kisha lizibwe kwa ulimi. Sahani iliyo ndani ya distributa isogee na kukaa pale pale. Isiposogea, au ikirudi mara moja, utando umetoboka au bomba lina ufa.

Kuweka cheche sawa

Kazi hii ina utaratibu wake, na haifai kurukwa hata hatua moja. Kwanza valvu zipimwe. Katika injini hii nafasi yake ni inchi 0.010. Pili pointi zisafishwe na kuachwa wazi inchi 0.014 hadi 0.016. Anayeweka taimingi kabla ya pointi afanya kazi bure, kwa sababu nafasi ya pointi ikiongezwa, cheche huja mapema.

Kisha plagi zitolewe, na waya mnene wa koili uchomolewe kwenye distributa na kufungwa penye chuma cha injini. Injini izungushwe kwa hendeli mpaka silinda ya kwanza ianze kusukuma hewa, na alama iliyo kwenye flaiwili au puli ifike kwenye digrii zilizoandikwa kitabuni kwa aina ya injini na petroli. Balbu ndogo ya volti 12 iungwe kati ya waya mwembamba wa distributa na chuma, na swichi ifunguliwe. Distributa izungushwe polepole. Pale balbu inapowaka, ndipo pointi zinapofunguka. Hapo ikazwe.

Mwisho gari lipelekwe kilimani likiwa na mzigo wake wa kila siku. Likilia kokoto, cheche irudishwe nyuma kidogo, ijapokuwa mshale utashuka. Bandu bandu huisha gogo: kila kilima kinachopandwa na injini inayogonga hula pistoni kidogo, na hasara yake haiwi siku moja.

Saa ya mvuto ni chombo chema, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na ya pistoni. Lakini mwenye gari na aandike kwenye karatasi namba ambayo injini yake huonyesha ikiwa nzima, nyumbani kwake, na kuibandika ndani ya boneti. Namba hiyo itamfaa kuliko ile iliyoandikwa katika nchi iliyo karibu na bahari.