Biashara na India: Tabasamu si mkataba

KILIMO cha parachichi kimeenea kwa kasi katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, na katika miaka ya karibuni India imekuwa miongoni mwa nchi zilizolifungulia soko zao tunda hilo kutoka Tanzania. Kwa mkulima wa Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa, hiyo ni habari njema. Lakini kabla hajakata mahindi yake na kupanda miche, yapo mambo ya kujifunza kutokana na yaliyowapata wakulima wa mbaazi mwaka 2017.

Tosamaganga si mahali pageni kwa wageni. Wajerumani walijenga misheni hapo mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1919 wakafuata Wamisionari wa Consolata kutoka Italia. Wahindi nao wamefanya biashara mjini Iringa kwa vizazi kadhaa. Hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia. Mwenye duka wa Iringa mwenye asili ya India ni Mtanzania, anazungumza Kiswahili, na pengine anamfahamu mteja wake tangu utotoni. Mnunuzi anayetoka Mumbai ni mtu mwingine kabisa. Anayedhani kwamba kumfahamu wa kwanza ni kumfahamu wa pili, amekwishapotea njia.

Kosa la pili liko katika adabu. Mtanzania aliyelelewa vizuri huona tabu kumkatalia mgeni usoni. Husema "tutaona", au "hakuna shida", hata pale shida inapoonekana waziwazi. Wafanyabiashara wengi wa India nao huliepuka neno "hapana" kwa namna hiyo hiyo. Mhindi anayetikisa kichwa upande huu na huu anaweza kuwa anakubali, au anaonyesha tu kwamba amesikia, ilhali Mtanzania anayemtazama hudhani kwamba amekataa. Watu wawili wenye heshima zao wanaweza kuagana wakiwa na furaha, kila mmoja akiwa na makubaliano yake kichwani.

Kwa wafanyabiashara wadogo, hasara ya hali hiyo ni mzigo mmoja au miwili. Kwa mataifa, hasara huwa kubwa zaidi.

Julai 2016 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alizuru nchi kadhaa za Afrika. India ilikuwa imetoka katika uhaba mkubwa wa jamii ya kunde, na bei za vyakula hivyo zilikuwa zimepanda mno. Alipokuwa Maputo, India na Msumbiji zilitia saini hati ya ununuzi wa mbaazi na mazao mengine ya jamii hiyo, kuanzia tani 100,000 kwa mwaka hadi kufikia tani 200,000 katika miaka mitano. Siku chache baadaye, jijini Dar es Salaam, kiongozi huyo alifanya mazungumzo na Rais John Magufuli, na kuongezwa kwa mauzo ya jamii ya kunde kutoka Tanzania kulitajwa miongoni mwa maeneo ya ushirikiano. Kulitajwa, lakini hakukuwekewa hati ya kiasi cha tani kama ile ya Maputo.

Mwaka uliofuata India ilivuna mbaazi nyingi kupita kawaida. Agosti 2017 serikali yake, ikitaka kuwalinda wakulima wake, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zote zinazoingia nchini humo. Tangazo hilo halikugusa ahadi ambazo India ilikuwa imezitia saini na serikali nyingine. Msumbiji ikabaki na mlango wake. Tanzania, iliyokuwa ikitegemea soko hilo hilo, ikabaki na mbaazi zake. Bei iliporomoka, na wapo wakulima walioona kwamba gharama ya kuvuna ilizidi thamani ya zao lenyewe. Hapakuwa na aliyevunja neno lake, kwa kuwa hapakuwa na neno lililoandikwa. India ilianza tena kuruhusu mbaazi kuingia bila kikomo Mei 2021.

Hata hivyo, hati peke yake haitoshi. Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilikabidhiwa uendeshaji wa reli ya kati kwa mkataba wa miaka 25, ikiwa na hisa asilimia 51 katika Kampuni ya Reli Tanzania (TRL) na Serikali asilimia 49. Mkataba ulikuwapo, na saini zilikuwapo. Lakini haikuchukua muda migomo ya wafanyakazi kuhusu mishahara ikaanza, ikafuatiwa na malalamiko kuhusu hali ya injini na mabehewa. Kufikia mwaka 2011 reli ilikuwa imerudi mikononi mwa Serikali. Wakubwa walikuwa wameelewana; mfanyakazi wa karakana na meneja wake walikuwa bado.

Kwa hiyo fundisho lina pande mbili. Yanayosemwa mezani yaandikwe: kiasi, ubora, bei, siku ya malipo, na nani atabeba hasara soko likifungwa. Na yaliyoandikwa yafafanuliwe kwa lugha anayoielewa kila atakayeyatekeleza, kuanzia ofisini hadi shambani. Kwa parachichi jambo hilo ni zito zaidi, kwa kuwa mche huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vya kutosha, na tunda likishachumwa halingoji kikao.

Kiswahili chenyewe kinashuhudia kwamba busara hiyo si ngeni. Maneno "laki", "hundi" na "bima" yaliletwa pwani na biashara ya Bahari ya Hindi, na yote matatu ni maneno ya hesabu na karatasi. Wazee waliofanya biashara na Wahindi waliyachukua kwa sababu waliyahitaji. Vyama vya ushirika vya Iringa, Njombe na Mbeya vinayahitaji leo, kabla mnunuzi hajapanda ndege kurudi kwao.