Jino Lililotibiwa Likiuma Tena

MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA

Ndugu msomaji,

Mwezi huu sitazungumza juu ya mpunga wala kakao. Nitazungumza juu ya jino. Mkulima mwenye jino bovu halali usiku. Hali akashiba. Asubuhi jembe linamshinda. Mimi mwenyewe yamenikuta, ndiyo maana ninakueleza.

Jino langu la nyuma lilitoboka. Nilikwenda hospitali. Daktari wa meno hakuling'oa. Alisema linaweza kupona kwa kutibiwa mzizi.

Kutibu mzizi ni nini?

Ndani ya jino kuna kiini laini. Kiini hicho kina mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Kinashuka ndani ya mizizi kwa njia nyembamba, kama mifereji. Jino likitoboka sana, vijidudu huingia humo na kiini huoza. Daktari hukiondoa kiini, husafisha mifereji, kisha huiziba. Jino hubaki kinywani likifanya kazi.

Mara nyingi kazi hii haimaliziki siku moja. Daktari aliniwekea kizibo cha muda. Akasema, "Rudi baada ya wiki mbili tuzibe kabisa." Sikurudi. Maumivu yalikuwa yamekwisha, na mpunga ulikuwa umeiva. Nilijidanganya kwamba nimepona.

Mwaka uliofuata kizibo kilimomonyoka. Jino likaanza kuuma nilipotafuna. Kipele kikatoka kwenye ufizi, kikatoa usaha. Nikameza vidonge vilivyobaki kwa jirani. Maumivu yakatulia, kisha yakarudi. Siku moja niliamka taya limevimba. Kinywa hakikufunguka. Mama watoto ndiye aliyenilazimisha kwenda hospitali. Nililazwa, na jino likang'olewa. Daktari alisema kama ningewahi, huenda wangelitibu tena.

Kwa nini huuma tena?

Watu husema, "Jino limeondolewa mishipa, haliwezi kuuma." Si kweli. Mfupa na nyama inayozunguka mzizi bado ni hai. Vijidudu vikifika hapo, huuma na huvimba.

Wewe unaijua mifereji ya shambani. Hapa Ipyana ardhi ni tambarare na mvua ni nyingi. Ukizibua mifereji mitatu ukaacha mmoja, maji hutuama na mizizi huoza. Jino ni hivyo hivyo. Jino kubwa la nyuma huwa na mifereji mitatu au minne. Mmoja unaweza kuwa mwembamba sana, au umepinda. Hata daktari hodari anaweza asiuone. Tena kizibo kinaweza kuvunjika, au jino likapasuka. Huo si uchawi. Wala si lazima liwe kosa la daktari.

Ufanye nini?

1. Rudi hospitali mapema. Rudi hata kama maumivu yametulia. Usaha ukipata njia ya kutoka, maumivu hupungua, lakini ugonjwa bado upo.

2. Mweleze daktari ukweli. Mwambie jino lilitibiwa lini na wapi. Chukua cheti chako cha zamani kama unacho. Atalipiga picha ya eksirei aone mizizi.

3. Uliza njia zilizopo. Ya kwanza ni kutibu mzizi upya. Ya pili ni upasuaji mdogo wa kukata ncha ya mzizi. Ya tatu ni kung'oa. Si kila hospitali hufanya kazi hizi zote. Anzia hospitali ya wilaya, Kyela. Unaweza kupewa barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Uliza gharama kabla ya kuanza. Jino likiwa limepasuka mpaka mzizini, kung'oa ndiko kupona.

4. Kabla ya safari, sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Unaweza kumeza parasetamo kama ulivyoelekezwa. Usiweke aspirini juu ya ufizi, itauunguza. Usiweke maji ya betri wala mafuta ya taa. Usimeze dawa za mtu mwingine kama nilivyofanya mimi.

5. Maliza matibabu. Ukiambiwa rudi, rudi. Shamba lililopaliliwa nusu halijapaliliwa.

Hatari usiyopaswa kuingojea

Uvimbe ukipanda kuelekea jichoni au ukishuka shingoni, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Nenda pia ukiwa na uvimbe na homa, au ukishindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua. Usingoje kuche. Usingoje mvua ikatike. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya pumzi na kuua mtu mzima mwenye nguvu zake.

Ndugu msomaji, nilivuna mpunga wangu ule mwaka wa kwanza. Magunia yale yameliwa, yamekwisha. Lakini pengo bado ninalo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikuziba ufa mdogo wa jino.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Je, hapa nyumbani kuna mtu ambaye jino lake lilitibiwa na sasa linauma? Je, alimaliza matibabu? Atakwenda hospitali siku gani?

Tutaonana mwezi ujao, Mungu akipenda. Tutazungumza juu ya kukausha kakao.

Bwana Shamba wenu,
Ipyana