TAHARIRI: Kabla ya kupanda mti, uliza nyasi ni za nani

MSIMU wa mvua ukifika, simu zetu hujaa picha za vijana walioshika miche. Kampuni, vyuo, makanisa na vikundi vya mtaani hukodi basi, huvaa tisheti za rangi moja na kwenda kupanda miti. Ni jambo jema. Serikali imeweka lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa hadi likizo ya kitaifa ili kila mtu apande mche.

Lakini kuna swali ambalo hatuliulizi vya kutosha: miti hiyo inapandwa wapi, na nani alikuwa akiishi hapo kabla ya mche kufika?

Chukua mfano wa Kinangop, Kaunti ya Nyandarua. Ni uwanda wa juu ulio kati ya milima ya Aberdare na ukingo wa Bonde la Ufa. Huko anaishi ndege mdogo mwenye kifua cha manjano na mgongo wa kahawia wenye michirizi. Wanasayansi humwita Macronyx sharpei. Kwa kuwa ukucha wake wa nyuma ni mrefu ajabu, hapa tumwite kucha-ndefu. Huwezi kumpata Tanzania, Uganda wala kwingine kokote duniani. Ni wa Kenya pekee, na shirika la kimataifa la IUCN limemworodhesha miongoni mwa viumbe walio hatarini kuangamia.

Kucha-ndefu hataki msitu. Anataka nyasi, tena zile zinazoota kwa mafungu. Ndani ya fungu la nyasi ndimo anamojenga kiota, chini kabisa karibu na udongo, na katikati ya mafungu hayo ndiko anakotafuta wadudu. Ukiondoa nyasi, umemwondoa yeye. Ukilima viazi, ameenda. Ukipanda mikaratusi, ameenda vilevile.

Na nyasi hizo zinaisha kweli. Sehemu kubwa ya uwanda huo si mbuga ya serikali bali ni mashamba ya watu. Familia nyingi zilipata makao huko kupitia mipango ya makazi ya miaka ya sitini, mahali palipokuwa malisho ya ng'ombe na kondoo. Shamba la babu likagawiwa watoto, kisha wajukuu. Ekari zikipungua, malisho hayatoshi tena, na trekta inaingia: viazi, kabeji, minji. Nyandarua ndiyo inayoongoza nchini kwa viazi. Ile chipsi unayonunua mjini jioni huenda ilianzia huko. Kwa hivyo hii si hadithi ya watu wa mbali.

Hatumlaumu mkulima. Karo ya shule hailipwi kwa manyoya ya ndege, na hakuna anayeweza kumwambia mzazi alale njaa ili kiota kisivunjwe. Tunachosema ni kwamba tumemwachia mzigo huo peke yake.

Kuna atakayesema, "Kwani ndege hana mabawa? Si ahame tu." Basi tuwatazame heroe, au flamingo kama wengi tunavyowaita. Zaidi ya robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wako Afrika Mashariki. Chakula chao kikuu ni mwani mdogo sana unaostawi kwenye maji ya magadi. Tangu mwaka wa 2010 hivi, mvua nyingi zimefanya maziwa ya Bonde la Ufa kufurika. Ziwa Nakuru limetanuka kutoka takriban kilomita 40 mraba hadi zaidi ya 60. Maji yakizidi, magadi yanapungua makali na mwani unapungua pia. Utafiti uliochapishwa 2024, uliotumia picha za setilaiti za maziwa 22 ya Ethiopia, Kenya na Tanzania zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 20, ulionyesha kuwa chakula hicho kimekuwa kikipungua.

Heroe ni hodari wa kuruka mbali, na bado wanasukumwa kutoka ziwa moja hadi jingine. Sasa kucha-ndefu, ambaye hana desturi ya kuhama, aende wapi? Juu yake kuna msitu wa Aberdare, na msitu si makao yake. Chini kuna joto na mashamba zaidi. Hali ya hewa ikiendelea kuwa ya joto, ndege wa nyanda za juu hana mahali pengine pa kupanda.

Hapo ndipo palipo na kinaya chetu. Tunapanda miti ili kupambana na mabadiliko ya tabianchi, lakini tukiipanda pasipofaa tunamaliza viumbe walewale tunaodai kuwaokoa. Uwanda wa nyasi si ardhi tupu inayosubiri mche. Nyasi huhifadhi kaboni nyingi kwenye mizizi na udongo, na husaidia maji ya mvua kupenya ardhini. Wakazi wa Nairobi wanapaswa kulijali hilo, maana bwawa la Sasumua, mojawapo ya vyanzo vya maji yao, liko hukohuko Kinangop.

Nini kifanyike? Kwanza, serikali kuu na za kaunti zichore wazi maeneo ya nyasi za asili na kuyaondoa kwenye hesabu ya miti bilioni 15. Miti ya kiasili irudishwe pale misitu ilipokatwa na kwenye kingo za mito. Huko inahitajika sana.

Pili, mfugaji wa Kinangop alipwe vizuri na kwa wakati. Penye ng'ombe wa maziwa malisho hubaki, na penye malisho yasiyolishwa kupita kiasi kucha-ndefu ana nafasi. Maziwa yakikosa bei, trekta hurudi. Shirika la Nature Kenya limenunua vipande vya ardhi huko ili kuhifadhi nyasi, na linastahili pongezi, lakini vipande vichache haviwezi kubeba uwanda mzima.

Tatu, ni sisi vijana. Kikundi chako kikipanga safari ya kupanda miti, waulize waandalizi: hapo palikuwa msitu au palikuwa nyasi? Miche ni ya aina gani? Nani ataitunza? Kama nyumbani kwenu bado mna malisho, na siku moja mtakaa kikao cha kugawana ploti, kumbuka kuwa kipande hicho kina thamani hata kabla ya kulimwa. Na kama hujawahi kutazama ndege kwa makini, anza. Mradi wa Kenya Bird Map hupokea rekodi za watu wa kawaida, na rekodi hizo ndizo zinazotuonyesha ndege gani bado wapo na wapi wametoweka.

Kucha-ndefu akiisha Kinangop na katika nyanda chache nyingine alikobakia, hakuna nchi itakayotuazima wengine. Msimu ujao basi likija kuwachukua, ulizeni kwanza linaenda wapi.