Mpira wa Nchani Haupotelei Kulia Tu

Mwandishi mmoja wa safu ya gofu anashikilia kwamba mpira uliopigwa kwa ncha ya draiva lazima upotelee kulia, kwa kuwa uso wa fimbo umefunguka. Nusu ya hoja ni kweli, na ndiyo nusu inayopotosha. Kwa anayecheza mkono wa kulia, pigo la nchani hufungua uso na mpira huanza kulia, sawa. Lakini kitovu cha uzito wa draiva kiko nyuma sana ya uso: kichwa kinapozunguka upande mmoja, mpira nao huzungushwa upande wa pili, kama gia mbili zilizoumana. Basi hupinda kurudi kushoto. Wa kisigino hufanya kinyume. Ndiyo maana uso wa draiva umebinuka kidogo, mpira uanzie pembeni upate nafasi ya kurudi. Angekuwa anazungumzia fimbo za chuma, ambazo uzito wake umekaa karibu na uso, ningenyamaza.

Tena anasema eti kugonga katikati kabisa ya uso ndipo bora! Ukigonga juu yake kidogo, mpira hupaa zaidi na mzunguko wa kinyumenyume hupungua. Mara nyingi huo ndio unaofika mbali. Apulize poda ya miguu usoni mwa draiva yake, apige mipira kumi, asome alama kabla hajawaambia watu wabadilishe mshiko ili mpira usipotelee kulia.